Kilicho Karibu na Mlango

Wengine hupendana kwa kupeana maua. Hawa wawili walianza kwa kabichi.

Soko la jumla lilikuwa limefurika asubuhi ile. Dada Mizani, mwenye duka dogo la chakula kwenye kona ya mtaa, alihisi mkono ukipapasa pochi yake. Hakuuliza. Aligeuka na kabichi aliyokuwa ameishika, akamtandika nayo mwanamume wa nyuma yake. Pua ya watu ikapasuka! Mwizi mwenyewe alikuwa keshatokomea kati ya mikokoteni. Aliyebaki akivuja damu kwenye ovaroli yake ya buluu alikuwa msambazaji wa soda, pande la mtu, ambaye soko zima lilimwita Kreti.

"Dada," alisema akijifuta, "kabichi hiyo bei gani? Maana nimeshaionja."

Dada Mizani aliona aibu mpaka akacheka. Akavua kilemba chake cha manjano akampa ajifutie. Kilemba hakikurudi, na moyo wake nao ukaenda nacho.

Haukupita muda, Kreti akamletea friji ya soda kutoka kwa wakala, bosi wake. Ya bure kabisa, ila sharti isimame mlangoni.

"Nimekuletea ubaridi, mpenzi."

"Wewe na maneno yako! Shusha kwanza."

Soda zikauzika, lakini Dada Mizani alikuwa na macho. Waliokuja kununua maharage waliondoka na soda na biskuti. Hata mama yake Kreti, ambaye sukari ilikuwa imeshamkatisha kidole cha mguu, alikuwa akifika mlangoni ananyoosha tu mkono.

"Mama, hii itakuua."

"Si wewe mwanangu uliyeiweka hapa?"

Neno lile lilimchoma kama msumari. Jioni aliisukuma friji hadi nyuma kabisa, kwenye magunia ya mkaa. Mlangoni akapanga machungwa, ndizi, mayai ya kuchemsha na maji. Jamani, watu ni wale wale! Waliokuwa wakiokota soda wakawa wanaokota machungwa. Mama mkwe mtarajiwa alinung'unika kwamba huko nyuma ni mbali, akachukua maji.

Simu ikalia.

"Laazizi, irudishe mlangoni. Wakala amechachamaa, anasema atatuma watu."

"Unanitisha, Kreti?"

"Nakuonya, roho yangu."

"Mama yako anakatwa vidole, wewe unalilia soda! Usinipigie tena."

Akakata simu, akajiinamia juu ya gunia la mchele akalia kwa kwikwi.

Kesho yake mchana lori likafunga breki mbele ya duka. Wakashuka wapagazi wawili wenye nondo, na Kreti nyuma yao, wote wamevaa ovaroli za buluu. Wa kwanza aliipiga teke meza. Machungwa yakamwagika barabarani, wakayaponda kwa viatu. Mayai yakapasukia ukutani. Wa pili akakishushia nondo kioo cha kaunta. Kipande kikamchana Dada Mizani shavu, damu ikamtiririka hadi kwenye kola ya gauni lake jeupe. Wateja walitimka. Yeye alikamata jiwe la mizani, lile kubwa la chuma. Duka lilikuwa ndiyo riziki yake yote, na aliyemsaliti ndiye aliyempenda. Aliona ovaroli ya buluu ikimrukia, akashusha jiwe kwa nguvu zake zote.

Mfupa ukalia. Kreti akapiga yowe, mkono ukaning'inia.

Ndipo alipomwona mpagazi nyuma ya Kreti, na chupa iliyovunjika mkononi. Chupa ilikuwa inakuja shingoni mwa Dada Mizani. Kreti alikuwa amejitupa katikati, ikamzamia mgongoni. Kwa mkono uliobaki Kreti alimkaba mpagazi, akambamiza kwenye friji mpaka mlango ukapinda na soda zikalipuka miguuni mwao. Majirani wakaja na michi na mawe. Wapagazi wakaliparamia lori, wakatoroka huku kioo cha nyuma kikivunjwa kwa mawe.

Kreti alitoka hospitali akaja dukani, mkono kwenye plasta na mgongo umeshonwa.

"Hii mara ya pili unanipiga kwa kosa la mwingine," alisema.

"Kwa nini ulipanda lori lao?"

"Kwa miguu ningewawahi? Nilidhani nitawazuia njiani, nikashindwa. Usiku uliotangulia mama alikuwa ameniambia, 'Mchumba wako amekificha kifo changu nyuma ya magunia.' Kazi ile siirudii tena."

Dada Mizani alimkumbatia upande usioumia, akalia bila kuona haya.

"Sasa sina kazi, na mkono ni mmoja," Kreti akasema. "Utakubali nikuoe hivi hivi?"

Akaketi kwenye kigoda pale mlangoni, ilipokuwa friji, asubiri jibu. Wasichana wawili waliokuja kununua ndizi wakamtazama, wakatazamana, wakatabasamu.

"Ondoka hapo," Dada Mizani akafoka.

"Nimekosa nini tena?"

"Mlangoni watu huokota kilicho karibu."

Akakibeba kigoda mwenyewe, akakiweka nyuma ya kaunta, kando ya mizani.

"Kaa huku. Wewe huuzwi."