Chupa Iliyopasuka Ndani ya Friji

Kila asubuhi, kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza, Shangazi aliketi kwenye kigoda nyuma ya kaunta ya duka la dawa, akagonga kengele yake ndogo ya shaba na kunyamaza. Alihesabu pumzi zake tu. Alifundishwa hivyo na mtawa mmoja wa Kibudha zamani alipokuwa akisomea ufamasia, wala hakuona haya kufanya hivyo mbele ya mtu yeyote.

"Haya, ameshaondoka!" alicheka mwenye duka, ambaye watu walimwita Chapuchapu kwa sababu hata chai aliinywa amesimama. "Mfamasia wangu ana likizo ya dakika tatu kila siku."

"Dakika tatu hizo ndizo zinazokuzuia usimuue mtu," Shangazi alijibu bila kufumbua macho.

Mtoto wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na miwili, alijibana asicheke. Yeye walimwita Kiroboto, maana hakuna kiti kilichowahi kumshika. Likizo hiyo ya shule alipewa kazi moja: kusoma kipimajoto cha friji ya dawa asubuhi na saa tisa alasiri, kisha kuandika nyuzi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Akafungua friji. Kipimajoto kilionyesha nne, kama inavyotakiwa. Lakini chupa yake ya maji, aliyoificha nyuma kabisa jana, ilikuwa imevimba na kupasuka ubavuni. Ndani yake bado kulikuwa na pande la barafu.

Akakumbuka. Jana mchana aliongeza baridi ya friji hadi mwisho ili maji yake yapoe upesi, akasahau kuirudisha. Na ili awahi kuruka kamba na wenzake, aliandika "4" ya saa tisa kabla hata saa saba haijafika. Akagusa maboksi ya insulini. Yalikuwa yamelowa. Shangazi alimwambia tangu siku ya kwanza: insulini ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kuonekana safi, haiaminiki tena.

"Unachungulia nini?" Chapuchapu alimnong'oneza kwa nyuma. "Nilizikuta zimeganda alfajiri, nikazianika mezani, zikayeyuka. Friji nimeirudisha sawa. Yamekwisha."

"Lakini Shangazi alisema..."

"Shangazi yako ana maneno mengi kuliko dawa. Na hiyo nne ya jana aliandika nani? Mimi? Fungua mdomo uone nani ataulizwa kwanza."

Kabla Kiroboto hajajibu, aliingia mwalimu wake wa hesabu, yule ambaye muhula uliopita alianguka mbele ya ubao, chaki mkononi, kwa sababu ya kisukari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kiroboto. Wewe na saba mara nane mmepatana, au bado hamsalimiani?" Akamgeukia Shangazi. "Nimekuja kuchukua insulini yangu. Ya nyumbani imekwisha."

Shangazi akatoa boksi. Vidole vyake vikasita. "Mbona lina unyevu?"

"Unyevu wa friji, bibie," Chapuchapu alidakia. "Karatasi inasema jana nne, leo nne. Mpe mwalimu dawa yake, watu wako foleni."

Shangazi hakumpa. Aliliweka boksi chini, akatandaza viganja juu ya kaunta na kufumba macho.

"Mnaona? Kazini analala!" Chapuchapu aliwaambia wateja. Mama mmoja akacheka.

Kiroboto alijikuta akipumua pamoja na shangazi yake. Pumzi ya kwanza ilijaa woga mtupu. Ya pili ikaja na hasira. Mtu mzima ameanika dawa zilizokufa kama soksi, kisha anataka kujificha nyuma ya kosa la mtoto! Akavitazama vidole vya Mwalimu, vyenye vumbi la chaki hata wakati wa likizo.

"Usimpe, Shangazi!" alipaza sauti. "Ziliganda usiku! Mimi niliongeza baridi, na ile nne ya jana sikupima, niliitunga. Na yeye alizikuta zimeganda akaziyeyusha, akaniambia ninyamaze!"

Mwalimu alirudisha mkono wake taratibu.

"Mwongo huyu!" Chapuchapu alifoka. "Si amekiri mwenyewe kwamba anaandika uongo?"

"Ndiyo, jana niliandika uongo. Ndiyo maana leo naujua nikiuona."

Akatoa chupa iliyopasuka na kuiweka mbele ya kila mtu. Yule mama aliyecheka akasogea kuitazama.

Shangazi alitoa maboksi yote ya insulini, akayapiga alama kubwa ya X.

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Hizi hazitoki. Tena nampigia simu mkaguzi wa dawa sasa hivi, ukiwa unasikia."

Akapiga. Kisha akampigia mwenzake wa duka la mtaa wa pili, na kabla ya saa sita Mwalimu alikuwa na insulini salama. Mkaguzi alifika mchana, akayachukua maboksi yote na kumwandikia Chapuchapu barua ya onyo.

Kiroboto aliwaomba radhi Shangazi na Mwalimu, machozi yakimtiririka. Shangazi akampa kalamu. "Ikate hiyo nne kwa mstari mmoja ili bado isomeke. Pembeni andika: sikupima."

Alipomaliza, Shangazi akasema, "Kunyamaza kwangu si uchawi, mwanangu. Nanyamaza ili nione ni kitu gani ninataka kukikwepa. Buddha alifundisha kwamba kazi inayokulisha huku inamdhuru mwingine si riziki safi. Kila mtu hukosea. Lakini ukilificha kosa, unamkabidhi mgonjwa aende nalo nyumbani."

Chapuchapu, mwenye barua yake mkononi, hakuwa amesikia hata neno. "We mtoto! Umenidhalilisha mbele ya wateja wangu. Niombe radhi!"

"Kwa namba niliyoitunga nimeshaomba," Kiroboto alisema. "Kwa kusema ukweli, siombi."

"Hutoki hapa mpaka uombe!"

Kiroboto akavuta kigoda cha Shangazi, akaketi, mikono magotini, ametulia tuli kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Basi nitakaa," alisema. "Siombi."