Nguo Chafu ya Fundi Rangi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi alilifuta kabati lake. Lilikuwa kabati la mbao nzito, lenye milango miwili na droo tatu. Marehemu mume wake alikuwa seremala. Alilitengeneza mwaka waliooana, akalipaka vanishi kwa mkono wake mwenyewe. Viti vilivunjika, redio iliharibika, kabati likabaki. Bibi alilifuta kwa kitambaa kikavu, kisha akakitazama kitambaa. Kikiwa na vumbi, alimlaumu yeyote aliyekuwa karibu.

Bibi hakuwa mtu wa kuamini haraka. Muuza maziwa akimpimia, aliinama kukikagua kipimo. Jirani akimsifia, alijiuliza anataka kuazima nini.

Sasa kuta za sebule zilikuwa zimechakaa. Mwanawe, dereva wa lori, na mkwewe, nesi, waliamua kupaka rangi. Bibi hakupinga. Lakini Jumatano mchana alifumbua jicho moja kitini pake, akawaona wakilipima kabati kwa futi kamba. Walipima urefu, upana na kimo. Walikuwa wakinong'ona. Alipokohoa, wakanyamaza.

"Hapa pana namna," Bibi aliwaza. Kabati halipimwi bure. Linapimwa ili kujua kama litapita mlangoni.

Kesho yake mwanawe alirudi na furushi la nailoni.

"Hiyo ya nini?" Bibi aliuliza.

"Ya kufunikia vitu, Mama, visichafuke."

"Vitu, au kabati langu?"

"Na kabati pia."

Bibi aliguna. Kitu kikishafunikwa, nani atajua kimetoka saa ngapi?

Jumamosi asubuhi, mkwe akiwa jikoni na mwanawe akitoa viti nje, Bibi alichukua hatua. Alitoa shuka jeupe sandukuni, akalifunika kabati. Kisha akachukua selotepu pana, ile ya kufungia maboksi. Akalibandika shuka kwenye mbao, juu, chini, na kila pembe.

"Sasa tuone nani atalifungua mimi nisijue," alisema.

Saa mbili fundi rangi alifika. Alikuwa mama wa makamo kutoka mtaa wa nyuma, amevaa ovaroli, na kwapani amebana bunda kubwa la kitambaa. Alipolikunjua, Bibi alishika kifua. Lilikuwa turubai la kitambaa kizito, limejaa matone ya rangi. Bluu, kijani, njano, nyekundu, hata zambarau.

"Mwanangu," Bibi alisema, "umeharibu nyumba za watu wangapi?"

"Kwa nini, Bibi?"

"Nguo yako inasema yenyewe. Fundi msafi hatembei na uchafu kama huo."

Fundi alicheka. "Kila tone unaloliona hapa, Bibi, lilikuwa linaelekea kwenye sakafu ya mtu. Likaishia hapa."

Bibi alimtazama kutoka juu hadi chini. Jibu lilikuwa zuri mno, na majibu mazuri mno yalimtia wasiwasi.

Fundi aliomba ufagio. Alifagia sebule nzima kabla ya kutandika turubai lake.

"Si utafagia tukimaliza?" mwanawe Bibi aliuliza.

"Mchanga ukibaki chini ya turubai, tutaukanyaga siku nzima. Utaikwaruza sakafu."

"Na kwa nini usitandike nailoni yangu? Ni mpya."

"Nailoni haifai sakafuni, kaka. Inateleza. Ukishuka kwenye ngazi, utajikuta chali. Halafu hainyonyi rangi. Tone linakaa juu likiwa bichi, unalikanyaga, unalipeleka mpaka jikoni."

Mkwe alichungulia kutoka jikoni. "Mimi nilikuwa nimeweka magazeti."

"Yafungie sabuni, dada. Gazeti likilowa linachanika na kuganda sakafuni. Wino wake nao unahamia chini."

"Na shuka je?" Bibi aliuliza haraka.

Fundi alichomoa mfukoni kipande cha shuka kuukuu cha kufutia mikono. Alikitandaza juu ya kiganja chake, akadondoshea tone moja la rangi nyeupe. Alipokiinua, kiganja kilikuwa cheupe.

"Shuka ni jepesi, Bibi. Linavujisha. Turubai ni zito, linalinywa tone kabla halijafika chini. Lakini nalo lina mwisho wake. Kopo zima likimwagika, litapenya. Ndiyo maana kopo langu linakaa ndani ya beseni."

Bibi alilitazama kabati lake.

Fundi naye alitazama huko huko. Uso wake ukabadilika. "Nani amebandika selotepu kwenye vanishi?"

"Mimi," Bibi alisema. "Nimelilinda."

"Lisichukuliwe na nani, Mama?" mwanawe aliuliza.

"Na nyie! Mlilipima, nikawaona. Mlinong'ona. Mnataka kulitoa muweke la vioo!"

Mwanawe alimtazama mkewe. Kisha mkwe akasema kwa upole, "Mama, tulipima ili tujue tununue nailoni ya ukubwa gani. Tulinong'ona kwa sababu ulikuwa umesinzia."

Bibi aliona aibu, lakini hakuwa tayari kushindwa. "Basi nitalifungua mwenyewe. Mtaona lilivyo salama."

"Bibi, subiri..." fundi alianza.

Bibi alikuwa ameshavuta. Selotepu ilitoka kwa kishindo, na vanishi ikatoka nayo. Kwenye pembe ya mlango palibaki alama ya ukubwa wa kidole gumba. Mbao ilionekana, imepauka.

Bibi aliigusa ile alama. Machozi yakamtoka.

"Miaka yote nimewakataza watu wasiliguse," alisema. "Na leo nimelibandua mimi."

Fundi alimshika mkono. "Usivute tena. Iliyobaki tutaitoa polepole."

Mkwe alileta mashine yake ya kukaushia nywele. Fundi aliipitisha juu ya selotepu, kwa joto kidogo tu, mpaka gundi ikalegea. Kisha aliikunja nyuma na kuivuta taratibu, karibu kabisa na mbao. Vipande vyote vilivyobaki vilitoka, vanishi ikabaki mahali pake.

Wakatoa vitu kwenye droo, wakalibeba kabati hadi katikati ya chumba. Bibi aliwafuata nyuma mkono ukiwa juu ya mlango wa kabati.

"Sasa shuka lako lina kazi, Bibi," fundi alisema. "Linatangulia, ili nailoni isisugue mbao. Nailoni inafuata juu, hiyo haipitishi tone. Tunafunga kwa kamba, si kwa gundi. Chini tunaacha nafasi hewa ipite, maana unyevu ukijifungia ndani, vanishi hupata ukungu mweupe. Kazi ikiisha tu, tunafunua."

Bibi aliweka kigoda mlangoni, akakaa. Alimkagua fundi siku nzima. Fundi alipotoka kwenda kunywa maji, Bibi alimwambia, "Futa viatu." Fundi akafuta.

Jioni, jua bado halijazama, walifunua. Bibi alihesabu matone juu ya nailoni ya kabati. Yalikuwa saba. Kwenye turubai hakuweza kuhesabu. Sakafu ilikuwa kama walivyoiacha asubuhi, na kabati lilikuwa na alama moja tu.

"Nitanunua vanishi, Mama, niizibe," mwanawe alisema.

"Iache," Bibi alijibu.

Wiki iliyofuata jirani alikuja kuuliza habari. Naye alitaka kupaka rangi, lakini alikuwa amemwona fundi akipita na turubai lake.

"Yule mama mwenye nguo chafu vile, unamwamini?"

Bibi alimwingiza sebuleni. Jirani alikagua sakafu, akakagua kuta, akatafuta kasoro kila mahali. Mwishowe alifika kwenye kabati, akaigusa ile alama.

"Ahaa! Kumbe hapa aliharibu!"

"Hapo si yeye," Bibi alisema. "Hapo ni mimi."