Sato wa Mzee Ngassa

Tangu asubuhi sufuria ilikuwa inachemka nyumbani kwa Mihayo, karibu na mgodi wa Geita. Nyamizi, mke wake, aliongeza kuni huku akiimba. Leo baba mkwe atakula!

Mzee Ngassa alikuwa ametoka Shinyanga kuja kuuguzwa homa kwa mwanawe. Homa ilikwisha, lakini chakula kilimshinda. Jamani, alikonda! Sasa alikuwa amesema, "Kesho narudi kwa ng'ombe wangu." Nyamizi alimpenda sana mzee huyo. Aliogopa kwamba angeanguka njiani.

Bwana mganga alikuwa amesema, "Mpeni samaki na mboga." Basi Mihayo akanunua sato mbichi. Lakini Nyamizi alikulia kwenye ng'ombe. Samaki aliyemjua ni mkavu tu, yule wa kulowekwa na kuchemshwa nusu siku. Sato naye akamfanya vivyo hivyo, akammiminia na samli bakuli zima.

Mchana alifunua sufuria. Lo! Samaki hayupo. Kumebaki uji wa kijivu na miba inayoelea.

Kwa desturi yao, mkamwana hali pamoja na baba mkwe, na mzee hakosoi chakula chake. Mzee Ngassa alionja kidogo tu. Bakuli lilirudi limejaa, na Nyamizi akaketi jikoni akalia.

"Hodi, Mama Bujiku! Moshi ndio unaokuliza, au samaki?"

Alikuwa jirani yao Marselino. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mpishi wa jeshi huko Misri, na hakuona haya kuingia jikoni.

"Shikamoo, Baba Generosa. Tazama mwenyewe."

"Marahaba." Marselino alichungulia sufuria, akacheka hadi akashika mbavu. "Maskini! Huyu umemuua mara ya pili. Sato mbichi ni laini. Robo saa inamtosha. Nyamaza, tutapika mwingine."

Jioni muuza samaki alipita na baiskeli yake. Marselino akamwonyesha Nyamizi jinsi ya kuchagua.

"Tazama jicho, linang'aa. Ndani ya shavu ni pekundu. Bonyeza: nyama inarudi. Huyu ndiye. Sasa mimi nasema, wewe unapika."

Nyamizi alimpara magamba, akamtoa matumbo, akamwosha vizuri. Alimchanja ubavuni, akampaka chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Katika sufuria alikaanga kitunguu kwa mafuta kidogo ya karanga, akatia nyanya nyingi. Akamlaza samaki juu yake, akafunika, akapunguza moto.

"Na samli?" aliuliza.

"Leo iache. Watu wa pwani ya Bahari ya Kati, kule Misri, hupika hivi kwa mafuta ya zeituni. Sisi tunazo karanga zetu. Mafuta kidogo, mboga nyingi, na tumbo halilemewi."

"Na maji je?"

"Wewe nawe! Nyanya zina maji yake."

Harufu ilipanda hadi watoto wa jirani wakasogea mlangoni. Samaki alipoiva, Marselino alisema, "Vuta mfupa wa mgongo."

Nyamizi alivuta. Ukatoka mzima kama kitana!

"Baba Generosa, wewe ni mchawi!"

"Mchawi gani? Hukumchosha kwa moto, basi. Tafuta na miba midogo, uitoe."

Mihayo alimpelekea baba yake samaki, ugali wa mtama na mchicha. Nyamizi alisimama nyuma ya mlango, akitega sikio.

"Mkamwana!"

Nyamizi alishtuka. Mzee hakuwa amewahi kumwita wakati wa kula.

"Naam, Baba?"

"Kuna ugali mwingine? Mchuzi huu siwezi kuuacha."

Nyamizi alikimbia na sahani. Nusura ajikwae kwa furaha.

"Wabeja, mwanangu," mzee alishukuru kwa Kisukuma, akamega tonge kubwa.

Mihayo aliuliza polepole, "Baba, na ile safari ya kesho?"

"Safari gani? Ng'ombe wana wachungaji." Mzee Ngassa alilamba kidole. "Hebu niambie, yule wa baiskeli hupita saa ngapi?"