Utepe Uliopigwa Pasi

"Mamba Tatu, kamata Bruno."

Sévère, ambaye redioni aliitwa Mamba Tatu, aliisikia amri ya mkuu wake kwenye redio ya Motorola, akafurahi. Aibu ilikuja baadaye.

Katoni moja ya chanjo ya kipindupindu katika bohari ya bandari ya Kalundu ilikutwa na chupa za maji matupu, na utepe wake wa muhuri ulikuwa mzima. Mkuu wa ulinzi aliamua kwamba mwizi alibandika utepe mpya, na tepe mpya alizitunza Bruno peke yake. Bruno mwenye meno mazuri. Bruno ambaye Jumamosi angemwoa Blandine, mwanamke ambaye Sévère alimpenda miaka minne bila kuthubutu kufungua mdomo.

Alimfunga pingu mwenyewe. Akazikaza kuliko ilivyohitajika.

Simu ikatetemeka. Blandine, kutoka maabara alikokuwa akiupima utepe.

Alimweleza harakaharaka. Rangi ya siri ndani ya utepe huwaka chini ya hadubini, kila molekuli nukta moja ya mwanga. Kiwandani plastiki huvutwa, molekuli zote zikalala upande mmoja. Ukizungusha mwelekeo wa mwanga, huzimika pamoja. Hizi zilizimika kila moja kwa wakati wake. Zilikuwa zimelala ovyo.

"Joto ndiyo iliivuruga. Hii haiko utepe mupya. Iko ile ya zamani, mutu aliibandua na pasi, akairudisha."

Pasi.

Pale boharini, pasi ya makaa alikuwa nayo mtu mmoja: Vainqueur, mlinzi wa mlangoni, asiyekubali suruali yake ya kaki ikose mkunjo.

"Umemuambia mukuu?"

"Hapana. Nimekuambia weye tu."

Sévère akamtazama Bruno. Angenyamaza tu, harusi ingekufa. 

Akabonyeza Motorola.

"Mkuu, Bruno hana kosa. Namfuata Vainqueur."

Akamfungua Bruno, akarukia pikipiki yake ya Yamaha. Mlangoni Vainqueur hakuwapo; alimkuta ufukweni, akipakia chanjo halisi kwenye boti ya wanunuzi kutoka ng'ambo ya ziwa, injini ikiwa imeshawashwa. Mlinzi alipeleka mkono kiunoni. Sévère akamtangulia kwa Glock.

Risasi moja, kwenye injini.

"Shuka. Pole pole, usichafue suruali."

Blandine alipofika bandarini, Sévère alimuuliza kwa nini hakumpigia mkuu.

"Miye niko fiancée yake, nani angeniamini? Lakini kila mutu hapa Uvira anajua unamuonea Bruno wivu. Weye ukisema hana kosa, imekwisha."

Kumbe alijua. Miaka yote minne.

Sévère akavaa miwani ya jua, akawatakia yeye na Bruno ndoa njema, na ilimuuma. Kisha akashika barabara ya Sange iendayo nje ya mji, bila kugeuka.