Maharusi Juu ya Kabati la Tofiki

Ukunda ilikuwa imefurika wanunuzi wa Idi, na Tofiki alikuwa akitafuta makubadhi tu, alipomwona mpenzi wake Hadiya ndani ya duka la fundi kompyuta. Buibui jipya lenye nakshi za fedha, harufu ya asumini ikimfikia mpaka mlangoni, na kichwa chake karibu mno na cha Hesbon, fundi mwenyewe, wote wawili wakicheka mbele ya kioo kimoja cha kompyuta.

"Kinachochekesha ni nini?"

"Ni mfumo mpya wa kutunza mafaili, bro," Hesbon alisema. "Unabana picha wenyewe, nafasi inaongezeka. Bado uko kwa majaribio, lakini uko poa."

"Majaribio," Tofiki alirudia, akaondoka.

Hadiya alipiga picha za sherehe za wanawake, zile maharusi wanapovua buibui, ambazo mwanamume haruhusiwi kuziona. Tofiki hakuwahi kuonyeshwa hata moja. Leo Hesbon ndiye anayekabidhiwa picha hizo?

Simu ililia jioni.

"Kipenzi, mbona umeondoka kama uliyemwagiwa maji?"

"Rudi kwa fundi wako."

"Una wivu."

"Sina."

"Unao. Nausikia unavyopumua."

Tofiki alikata. Kesho yake alikishusha kabatini kifurushi kilichofungwa kwa leso ambacho Hadiya alimwomba amwekee tangu Ramadhani ilipoanza, akampelekea kwake Diani.

"Chukua amana yako."

Hadiya alitazama fundo. "Hukukifungua?"

"Uliniambia nisifungue."

Akaketi kizingitini, machozi yakimlengalenga. "Diski tuliyojaribia mfumo ule imekufa usiku. Haisomeki tena."

"Na maharusi?"

"Kwa Hesbon nilipeleka picha za mbuzi na minazi. Kompyuta yangu imejaa, nikataka kuupima mfumo ule kwanza. Walioutengeneza wameandika wenyewe: usitie humo kitu usichotaka kukipoteza." Akakigusa kifurushi. "Nakala za picha za maharusi wangu wote, wa Galu mpaka Msambweni, zimo humu, kwenye diski nyingine. Zimelala juu ya kabati lako."

Tofiki alikishika kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Hata hivyo wivu haukumwisha.

"Na asumini ile?"

"Nilikuwa nikitoka pale nije kwako, mjinga wee."

Tofiki akakitia kifurushi kwapani. "Basi nakirudisha."

"Kirudishe. Ila nimechoka vitu vyangu kukaa kwako nami nikakaa kwangu. Watume wazee wako kwetu Msambweni, wakuposee."