Faidha Aulizwa Maoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Faidha alikuwa na kazi ya kuteka maji. Nyumbani kwao Mkunya, wilayani Newala, hapakuwa na bomba. Palikuwa na kisima cha saruji uani, kilichokusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati. Ilipofika Oktoba maji yalishuka sana, na Faidha aliinama ukingoni akivuta kamba taratibu ili tone lisimwagike. Baada ya hapo alimsaidia Bibi Bimdogo, mama yake baba, kumenya muhogo wa kuchemsha. Kisha alikunywa chai, akavaa viatu, akaondoka pamoja na mdogo wake Yassini.

Viatu hivyo alivipenda sana. Vilinunuliwa na kaka yao mkubwa, Swalehe. Mwaka uliotangulia maua ya mikorosho yalishambuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, na baba yao, Mzee Suleimani, hakuvuna cha kutosha. Swalehe naye alikuwa amemaliza mafunzo ya upishi na kukaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Alipoipata kazi mjini Masasi, nyumba nzima ilimshukuru Mungu. Kila alipofunga kamba za viatu, Faidha alimkumbuka kaka yake.

Mahali alipoajiriwa Swalehe paliitwa Kuku Shwari. Ulikuwa mkahawa mpya, lakini mingine ya jina hilo ilikuwepo Mtwara na Lindi, na yote ilifanana: rangi zilezile, viti vilevile, na kuku wa kukaanga wa aina ileile. Habari zake zilifika hadi Mkunya. Wapo waliosema kuwa sasa Masasi imekuwa mji kweli. Wapo waliosema kuwa chakula cha kupangia foleni ukibebe mwenyewe kwenye trei si chakula cha mtu mzima. Wengi wa waliobishana walikuwa hawajauona hata mlango wake.

Jioni moja Swalehe alipiga simu. Alisema wafanyakazi wameruhusiwa kualika familia zao Jumamosi, na angependa wote waje. Mama yao hakuweza, kwa sababu alikuwa Nanganga akimhudumia dada yake aliyejifungua. Wengine wote walifurahi. Kisha Swalehe akateremsha sauti, na Faidha aliyekuwa ameketi karibu na Baba akasikia kila neno. Swalehe alieleza kuwa bado yuko kwenye majaribio. Meneja wao, Bi Rose, hupita mezani akiwauliza wateja maoni, na mwisho wa mwezi ataamua nani abaki kazini.

"Kwa hiyo Baba, mkiulizwa, semeni kila kitu ni kizuri," alisema. "Msije mkaniharibia."

Baba alimwahidi kuwa hakuna atakayemharibia.

Jumamosi walipanda basi la asubuhi, wakafika Masasi kabla ya adhuhuri. Swalehe aliwapokea mlangoni akiwa amevaa aproni nyekundu na kofia. Faidha na Yassini walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akitabasamu, akawaonyesha pa kuketi, kisha akakimbilia jikoni.

Ndani palikuwa na ubaridi wa kiyoyozi na harufu ya mafuta na vitunguu saumu. Picha za vyakula ziliwaka juu ya kaunta. Ulichagua, ukapewa namba, ukasubiri iitwe. Katika pembe moja palikuwa na beseni la kunawia, na Bibi Bimdogo alipofungua bomba, maji yalitoka kwa nguvu. Akanawa hadi viwiko. Akafunga bomba, akalitazama, akalifungua tena, kana kwamba hakuamini kuwa maji yale hayaishi. Aliporudi mezani alisema kuwa pamoja na mengine yote, mahali hapa pana heshima, maana mgeni anakaribishwa kwa maji.

Chakula kilipofika, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Yassini alipenda kila kitu, hasa nyimbo na kiti cha kuzunguka. Baba alisifu chipsi kwamba ni kavu na hazinywi mafuta, lakini muziki ulimkera. Alisema mtu hawezi kumsikia mwenzake, na watu wakila bila kuzungumza wana tofauti gani na ng'ombe zizini? Bibi yeye muziki haukumsumbua hata kidogo, kwani masikio yake yalikuwa yamechoka. Kilichomshinda kilikuwa chakula. Sosi aliiona tamu kama jamu. Alichukua kipande cha nyama, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Kuku huyu hajawahi kukimbia," alisema, na wote wakacheka.

Faidha alikuwa bado hajaonja. Kwanza alikula chipsi zote, akaliacha paja la kuku liwe la mwisho, kwa kuwa lilikuwa na ganda zuri la rangi ya dhahabu. Alipoling'ata, ganda lilivunjika vizuri mdomoni. Lakini ndani nyama ilikuwa ya baridi na laini kwa namna isiyo ya kawaida. Alilitazama. Karibu na mfupa nyama ilikuwa nyekundu, na maji ya damu yalikuwa yakitiririka kwenye karatasi.

Alitema alichokuwa amekitia mdomoni, akamsogezea Baba trei kimya kimya. Baba alitazama, uso wake ukabadilika. Akatazama upande wa jikoni, kisha akalifunika paja lile kwa karatasi ya kufutia mikono. Akamnong'oneza Faidha aache kula, anywe soda yake tu, na asiseme kitu. Alisema watalizungumza nyumbani na Swalehe mwenyewe.

Faidha alikunywa soda. Aliviona viatu vyake chini ya meza, akafikiri kuhusu kaka yake na ile aproni nyekundu. Angeweza kunyamaza hadi mwisho, na pengine yote yangepita. Lakini kwenye meza ya jirani alikuwa ameketi mama mmoja na mtoto mdogo ambaye meno yake yalikuwa ndiyo kwanza yanaota. Namba yao ilikuwa imeitwa muda uleule na ya akina Faidha. Mama yule alikuwa akiongea na simu, na kwa mkono mwingine alikuwa akivunja ganda la kuku ili apate nyama laini ya kumlisha mwanawe.

Wakati huohuo Bi Rose alifika mezani kwao. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Alimwamkia Bibi kwa kupiga goti kidogo, akawakaribisha wote, akauliza wameonaje chakula na mahali penyewe. Baba alisema kila kitu ni kizuri, hata muziki. Bibi alisifu maji na akaishia hapo. Yassini alisema hajawahi kula chakula kitamu namna hii. Kisha Bi Rose akamgeukia Faidha.

"Na wewe binti, umeonaje?"

Faidha alihisi macho ya Baba yakimtazama. Alitazama tena meza ya jirani, akaona kidole cha yule mama kikipeleka kipande kinywani mwa mtoto.

"Mama, mzuie yule mtoto asile," alisema haraka. "Kuku ni mbichi ndani. Wangu ana damu."

Akainua karatasi. Bi Rose alitazama mara moja tu. Hakuuliza la pili. Alifika kwenye meza ya jirani kwa hatua ndefu, akaushika mkono wa yule mama kwa adabu, akaomba radhi na kulichukua lile trei. Nyama ilipochanwa ilikuwa nyekundu vilevile. Muda si muda wahudumu walikuwa wakipita meza zote wakikusanya kuku, na muziki ukazimwa. Swalehe alitoka jikoni akiwa na koleo mkononi. Aliona paja lililong'atwa mbele ya Faidha, akamtazama mdogo wake usoni, akageuka na kurudi ndani.

Bi Rose aliwaomba wateja wote msamaha, akawaletea samaki na wali kutoka jiko jingine. Familia ya Mzee Suleimani haikuweza kula tena. Waliaga, wakaenda kituoni.

Katika basi Yassini alimwambia dada yake kuwa sasa kaka atafukuzwa kazi, na kosa litakuwa lake. Faidha alitazama nje, mikorosho ikipita, machozi yakimlengalenga. Alijua alichokifanya kilikuwa sawa, na bado moyo ulimuuma kana kwamba ameiba.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Swalehe hakupiga simu, na alipopigiwa hakupokea. Baba alikaa shambani akiokota korosho hadi jioni. Faidha alianza kuacha chakula sahani ikiwa nusu. Bibi Bimdogo alimwona, akamwita jikoni, akamketisha kwenye kigoda karibu naye. Alimuuliza kinachomsumbua. Faidha alijibu kuwa amemharibia Swalehe kazi.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, "yule kuku alikuwa mbichi kabla wewe hujafungua mdomo. Si wewe uliyemfanya mbichi."

Maneno hayo yalimpoza kidogo, lakini hayakumwondolea hofu.

Jumapili mchana, Faidha akiwa anaanua nguo, alimwona Swalehe akiingia uani na mfuko begani. Alijua kuwa mtu aliyefukuzwa ndiye anayerudi nyumbani na mfuko. Akajificha nyuma ya shuka lililokuwa bado kambani. Swalehe alimwamkia Bibi, akamwamkia Baba, kisha akauliza Faidha yuko wapi. Yassini akaonyesha kwa kidole.

Waliketi wote kwenye mkeka, na Swalehe akasimulia. Alisema mashine ya kukaangia ilikuwa na hitilafu, koili moja, yaani waya wa kupashia mafuta moto, ilikuwa imeungua. Mafuta hayakuwa yakipata moto wa kutosha, lakini kengele yake iliendelea kulia kana kwamba kuku ameiva. Vipande vyembamba viliiva, lakini vinene kama mapaja viligeuka rangi ganda tu, ndani havikuiva. Kisha akainamisha kichwa.

"Tangu asubuhi niliona mafuta hayachemki kama kawaida," alisema. "Niliogopa kusema. Niliona Bi Rose atadhani sijui kazi. Nikanyamaza, nikapika."

Alieleza kwamba jioni ile, baada ya wateja kuondoka, alimfuata Bi Rose na kumweleza ukweli huo mwenyewe. Bi Rose alikasirika sana. Alimwambia kuwa mashine kuharibika si kosa la mpishi, ila kunyamaza ni kosa lake. Alimwongezea muda wa majaribio, na wiki nzima akamweka kwenye kuosha vyombo. Lakini hakumfukuza. Alisema mpishi aliyekiri kosa bila kulazimishwa anaweza kufundishwa. Mashine ilitengenezwa, na sasa kila mpishi anapasua kipande kimoja na kukitazama kabla ya kupeleka kaunta.

"Sikupokea simu kwa sababu ya aibu," aliendelea Swalehe. "Sikuwa na hasira na wewe, Faidha. Yule mama alirudi juzi na mwanawe. Mtoto ni mzima. Aliniuliza yule msichana ni nani, nikamwambia kwa fahari kuwa ni mdogo wangu. Amekutumia salamu. Na mimi nimepewa siku moja ya mapumziko, nikasema nije nikushukuru mwenyewe. Ahsante sana. Kama mtoto yule angeugua kwa mkono wangu, nisingeshika tena mwiko maishani."

Faidha alilia. Swalehe alimvuta karibu, akamfuta machozi kwa kiganja chake kilichochubuka kwa sabuni ya vyombo. Yassini naye alisogea, akamwomba dada yake msamaha kwa maneno aliyomwambia ndani ya basi.

Sasa Baba alikohoa, akamwita Faidha aketi mbele yake.

"Mwanangu, siku ile mimi ndiye niliyefunika kuku kwa karatasi," alisema. "Nilidhani ninamlinda kaka yako. Nimekaa shambani wiki nzima nikilifikiri jambo hili. Mimi kutopenda muziki wao, na bibi yako kutopenda sosi yao, hayo ni maoni. Kila mtu ana lake, na kuna wakati mtu anaweza kuyameza kwa ajili ya adabu. Lakini kuku mbichi si maoni. Jambo linaloweza kumdhuru mwingine halifichwi, hata kama kulisema kutamwumiza umpendaye. Wewe ulilijua hilo mapema kuliko mimi, na ninashukuru. Yassini, umesikia?"

Yassini aliitikia kuwa amesikia.

Bibi Bimdogo alijiinua, akasema kuwa wenye njaa hawalishwi kwa mazungumzo. Alimkabidhi Swalehe kisu na jogoo aliyekuwa akimfuga uani, akamwambia leo apike yeye, ili nyumba ionje ujuzi wake. Swalehe alichinja kwa bismillahi, akachemsha, akaunga kwa nazi na ndimu. Harufu ilienea hadi kwa majirani. Kabla ya kupakua alipasua paja moja karibu na mfupa, akamwita Faidha alitazame.

Faidha aliinama juu ya sufuria, akaangalia kwa makini, akaonja kidogo.

"Ameiva, kaka," alisema. "Ila chumvi imepungua."

Swalehe akachukua chumvi, akaongeza.