Poda Kichwani mwa Exaucé

Danielle alikuwa ameinamia beseni, akisugua jezi ya Exaucé iliyojaa poda nyeupe. Tangu asubuhi Likasi nzima ilikuwa ikiwamwagia poda vijana waliofaulu Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari. Danielle, mshambuliaji wa timu ya wasichana, alipata asilimia themanini na tatu. Exaucé, beki wa timu ya wavulana na mchumba wake, alisema amepata sitini na nane.

— Mama weee, pole pole! Iache ile poda, bantu baone.

— Beki wa poda! Kamua ile ingine, weye.

Exaucé akakamua, kisha akauliza:

— Ulisha kujibu coach Clotilde?

Clotilde alimpatia Danielle nafasi katika timu ya Kinshasa, pamoja na masomo ya chuo kikuu. Alitaka jibu kabla ya jua kuzama.

— Bado.

— Umwambie hapana. Tutaenda wote Lubumbashi, tusome polytechnique, tutoke bainjinia. Ama ulisha kunichoka?

— Nani anakuchoka? Nitamukatalia, chéri.

Simu yake ikalia juu ya kiti. Asubuhi Danielle alikuwa ametuma namba ya mtihani ya Exaucé kwa huduma ya matokeo ya simu, apate alama zake amringishie Clotilde. Mtandao ulichelewa, jibu ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Akapangusa mkono, akasoma: "Exaucé: ÉCHEC."

Akarudia kusoma.

— Exaucé, ulianguka Exetat?

Kijana akainamisha kichwa.

— Barafiki balianza kunimwangia poda, nikakosa namna ya kusema.

— Bale, sawa. Na miye?

— Ungejua, ungeenda Kinshasa. Mwenye akili sawa weye atabakia na mwenye kuanguka?

— Ningebakia! — Danielle akalia. — Ungeniambia asubuhi, ningekufundisha mwaka muzima, hesabu na chimie, kila siku kisha mazoezi. Bantu bacheke, bacheke tu!

— Basi bakia, Dani. Pardon.

— Nibakie na nani? Ule wa asubuhi alinipa bongo, alinidanganya, na nilikuwa namufulia maillot.

Akapiga simu.

— Coach? Ni Danielle. Miye nakuya Kinshasa.

Sauti ikamkatika. Clotilde, akidhani ni furaha, akapiga vigelegele mpaka Exaucé akavisikia.

Danielle akavaa kandambili zake, akaelekea barabarani. Exaucé alibaki ameshika jezi inayochuruzika.

— Na hizi nguo zingine mu beseni?

— Zilale mu mayi. Utamalizia kesho, weye mwenyewe.